Supu ya Mgonjwa

Mama aliharisha miezi mitatu, akabaki ngozi na mifupa. Hospitali walimtibu vijidudu, lakini dawa zilipokwisha tumbo halikutulia. Muuguzi wa lishe, dada mmoja mpole, alinichorea utumbo nyuma ya karatasi ya dawa. Ukuta wake wa ndani, alisema, umejengwa kwa chembe ndogo zinazoishi siku chache tu. Zikifa, nyingine huzaliwa. Maradhi, dawa kali na mawazo huzichosha zote. Zinazozaliwa zikikosa protini, zinki na vitamini A, ukuta unachakaa, na chakula kinapita bila kumfaa mtu.

"Mpe samaki, mayai, mboga za majani, kidogo kidogo, mara tano kwa siku," akasema. "Na ale yeye."

Maneno ya mwisho niliyaona ya bure. Nani mwingine ale?

Sikuwa nimewafikiria wageni. Kwetu Tanga mgonjwa haachwi peke yake. Walikuja wa mtaani kwetu Usagara, wakaja ndugu kutoka Pongwe, kila mmoja na pole zake. Na mama, ambaye hata kugeuka kitandani ilikuwa kazi, hakuwahi maishani mwake kula mbele ya mtu bila kumkaribisha. Nikimletea bakuli la supu ya samaki changu, analisogeza kwa mgeni. Mgeni anakataa kwa adabu, anakataa tena, mara ya tatu anashika kijiko. Siku moja nilimtazama jirani mmoja akimalizia yai la mgonjwa huku akininong'oneza jinsi mgonjwa alivyokonda. Nilitamani kumpokonya. Nikamwongezea chai.

"Mama, hiyo ndiyo dawa yako," nilimwambia alipoondoka.

"Miye nile, watu wanitazame? Hunijui weye."

Mwezi uliofuata miguu yake ilianza kuvimba. Muuguzi aliibonyeza kwa kidole, pakabaki shimo, akaniuliza supu anainywa nani. Nilipandwa na hasira, na kesho yake nikaufunga mlango kwa komeo. Hodi ikapigwa. Ikapigwa tena. Mama akaitikia "karibu" kwa sauti kidogo aliyobaki nayo, na hakuna aliyeingia. Tukasikia ndara zikiondoka barazani.

Nilimshikisha bakuli. Akanywa vijiko viwili, kisha akalia, jambo ambalo sikuliona hata siku tuliyomzika baba.

"Hata nikipona," akasema, "nitaishi na nani?"

Nilifungua mlango, nikamkimbilia yule mgeni, nikamwomba radhi barabarani mbele za watu. Alirudi, akakaa ukingoni mwa kitanda, na mama akamsogezea bakuli.

Alikufa wiki ya tatu baada ya hapo, chumba kimejaa watu.