Zinatoka Wapi Pozitroni?

Mwalimu Mwanaheri, Mluguru wa Matombo, alikuwa amefundisha fizikia mjini Morogoro miaka kumi na tisa, na hakuwahi kumdanganya mwanafunzi. Siku moja darasani alieleza kwamba miale itokayo anga za mbali huja na pozitroni, chembe iliyo pacha wa elektroni ila chaji yake ni kinyume. Mwanafunzi wake Zuhura akanyoosha mkono.

"Mwalimu, zinatoka wapi?"

"Baadhi huzaliwa miale inapogonga gesi iliyo kati ya nyota. Lakini zinazopimwa zinazidi hesabu hiyo. Wapo wanaosema nyingine zinatoka kwenye masalia ya nyota zilizokufa. Hakuna mwenye hakika bado."

Mkaguzi wa shule, aliyekuja siku hiyo na kuketi nyuma ya darasa, akacheka. "Mwalimu asiyejua anafundisha nini? Wape jibu moja wakariri."

Damu ikamchemka Mwanaheri. "Nikiwapa uongo nitakuwa nimewaibia, mheshimiwa. Hilo silifanyi, hata uniamuru!"

Wiki iliyofuata ikaja barua ya onyo kutoka kwa mkaguzi: mwalimu huyu ni mjeuri. Mwanaheri aliisoma kwa sauti mbele ya walimu wenzake. Kisha akachukua chaki, akaingia kidato cha nne, akafundisha vilevile.