Jioni Dumuzi Waliporuka

Enzi zetu, sisi tuliokulia mashambani nyuma ya Malindi, tulifundishwa kuogopa nyoka, mamba wa mto Sabaki na fimbo ya mwalimu. Lakini kilichonitia hofu mpaka leo ni kidogo kuliko punje ya mchele: dumuzi, mdudu wa mahindi.

Mahindi yetu yalikaa uchagani, juu ya meko, na maganda yake. Moshi uliyatia weusi, na ugali wake ulikuwa na harufu ninayoitamani hadi sasa. Baba alikuwa kibarua wa chumvi kule Marereni, akirudi mwisho wa mwezi. Nyumbani tulibaki mama, hawe, yaani bibi yetu mzaa baba, nami na mdogo wangu. Kazi yangu ilikuwa moja tu: moto usizimike mchana, maana moshi ndio uliofukuza wadudu.

Mwaka ule mvua za vuli zilikataa. Jioni moja, jua likishuka na hewa ingali moto, hawe alisimama uani akatazama kwa jirani yetu, Mzee Karisa. Nami nikatazama. Vitu vyeusi kama masizi vilipanda kutoka ghala lake, vikaelea, vikaja kwetu. Kimoja kilitua kwenye leso ya mama iliyoanikwa. Hawe akakifinya kwa ukucha.

"Ghala la Karisa limekwisha," alisema. "Huyu haruki akiwa na shibe. Na mmoja akipata pa kula, huita ukoo mzima."

Kisha akageuka. "Kadzo, mbona sioni moshi?"

Wiki tatu nilikuwa nikishinda nikicheza mdako na wenzangu, moto nikiuwasha tu mama na hawe walipokaribia kurudi kutoka shambani.

Tulipoingia jikoni pamoja na mama tuliwasikia; wengine walikuwa wametangulia zamani. Krrr, krrr. Unga laini ulidondoka kutoka uchagani ukatua juu ya jivu baridi. Mama hakunipiga, ningeshukuru angenipiga. Alikaa chini, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, tutakula nini mpaka masika?"

"Inuka, Mama Kadzo," hawe akamwambia. "Utalia baadaye."

Tuliteremsha yote. Mzee Karisa na mkewe walikuja bila kuitwa, nyuso zimewashuka kwa haya, wakakaa nasi kupukuchua. Mabovu tuliwapa kuku, mazima tukayaanika, tukayachanganya na jivu na majani makavu ya mwarobaini. Magunia manne yakawa moja na kitu. Hawe alitenga mbegu kwanza, akaapa kwamba hata tukizimia hakuna atakayezigusa.

Tulikula muhogo, mara moja kwa siku, sisi na wa kwa Karisa kutoka chungu kimoja. Kila siku nilimmegea mdogo wangu nusu ya fungu langu. Hakuna aliyeniagiza. Masika yalipofika, mbegu zilikuwepo.

Watoto wa siku hizi, Mungu awaweke! Juzi binti yangu alimwona mdudu kwenye pakiti ya unga. Alipiga yowe, akampiga picha, akawatumia wenzake, akatupa pakiti nzima na kuagiza nyingine dukani. Nilicheka, kisha nikazikagua pakiti zote zilizobaki.

Simlaumu. Hofu yake inaishia dukani. Yetu tuliiona ikija angani, tukakusanyika. Sasa ninakaa mjini, mlango wa jirani yangu hufungwa kutwa, na miaka yote hii sijawahi kujua kama humo ndani wamekula.