Siku Mama Mkwe Alipozima Moto

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeinjika mihogo. Enzi za Mwingereza, Temeke yetu ilikuwa mashamba na vibanda vya makuti, na sie tuliotoka kusini tulikaa jirani jirani. Mume wangu, Saidi, alikuwa anapalilia nyuma ya nyumba. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa mlangoni anasuka ukili wa mkeka.

Mwingereza alikuwa vitani huko mbali, na vijana walikuwa wakikamatwa kupelekwa jeshini. Lori liliposikika, jirani akapiga kelele: "Wanakamata!"

Bi Somoe akainuka, akamwagia moto chungu kizima, akafukia majivu kwa mchanga.

"Mama, chakula!" nikasema.

"Nyamaza. Moshi utawaleta."

Akatuvuta mimi na Saidi hadi katikati ya shamba la mihogo. Tukalala kifudifudi.

Buti zikapita.

Zikarudi.

Bi Somoe akaanza kunong'ona, macho yakiwa chini.

"Vita vya Mjerumani, nikiwa mtoto kule kusini, tulijificha porini. Mama aliwasha moto atuchemshie mizizi. Askari wakaona moshi. Wakamuua yeye na wadogo zangu. Mie nilikuwa nimekwenda kuteka maji."

Saidi alimkodolea macho. Tangu utotoni aliambiwa bibi yake alikufa kwa homa.

Askari mmoja akaanza kufyeka mihogo, akija upande wetu.

Saidi alinibana mkono, kisha akatambaa mbali nasi. Alipofika ukingo wa shamba akasimama.

"Niko hapa! Niko peke yangu!"

Panga likanyamaza. Wakamfunga, wakampakia, wakaondoka.

Vita vilipokwisha, wenzake wachache walirudi na makoti ya jeshi. Yeye hakurudi, wala hatukuambiwa alipozikwa. Kila nilipomuuliza Bi Somoe habari za vita vya utotoni mwake, aliniambia niangalie mboga.

Alipofariki, wanawake wa Kimatumbi, wenzetu wa kusini, walikuja kunisaidia kumwosha. Mmoja, bibi mzima, aliniuliza mama wa marehemu alizikwa wapi.

"Hakuzikwa," nikasema. "Aliuawa porini."

Aliacha kumimina maji.

"Wangu naye," akasema.

Aliyeshika miguu akamtaja baba yake. Mwingine, kaka zake wawili. Miaka yote tuliyokaa pamoja, sikuwahi kuyasikia majina hayo. Waliponyamaza nikamtaja Saidi, tukaendelea kumwosha.