Goti Langu na Msichana wa Wete

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kila aliyejua mpira wa kikapu hapa Chake Chake alikuwa na neno la kusema juu yangu na juu ya msichana mmoja wa Wete. Sote wawili tulicheza nafasi moja, ya kuchezesha timu: yule anayepandisha mpira na kuamua nani apewe. Timu ya wasichana ya Pemba ilikuwa moja tu, na nafasi ile ilimtaka mtu mmoja. Kwa hiyo tulipimwa kama vitambaa dukani.

Watu wazima waliokaa kwenye ukuta wa uwanja wetu wa Tibirinzi, tulipofanyia mazoezi sote wawili, hawakuchoka. "Wa Wete ana mbio," mmoja alisema. "Huyu wetu ana jicho, lakini mfupi." Mwengine akadakia kwamba mimi natumia mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto humchanganya adui. Waliyasema hayo mbele yangu, kana kwamba sina masikio. Kocha wetu, mwalimu wa hesabu wa skuli ya sekondari, naye alikuwa na daftari lenye safu mbili, moja ya msichana wa Wete na moja yangu. Nililichukia daftari lile. Hata hivyo kila jioni nilichungulia nione nani yuko mbele.

Nisijifanye mwema. Yeye akikosa, nilifurahi. Akifunga, niliinama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Ulikuwa msimu wa karafuu, na zilibaki wiki tatu mashindano yaanze. Kila penye saruji kavu palianikwa karafuu, na uwanja wetu ulikuwa saruji nzuri kuliko zote mtaani. Tukakubaliana na mama mmoja jirani: yeye atandike majamvi yake nusu ya uwanja, sisi tucheze nusu iliyobaki. Jioni moja upepo ulivuma, vikonyo, vile vijiti vya karafuu, vikasambaa upande wetu. Tulifagia, lakini hatukufagia vizuri. Niliruka kupiga mpira kapuni, nikashukia mguu wa kulia, na kisigino kikateleza. Goti likaenda ndani, mwili ukaenda nje. Nilisikia kitu kikilia ndani ya mguu kama kitambaa kinachopasuka.

Hospitali waliniambia kano ya goti imechanika, haikukatika yote. Miezi minne nisikimbie, nifanye mazoezi ya kunyanyua mguu taratibu, kisha tuone. Ile "tuone" ndiyo iliyonichoma.

Nyumbani shangazi yangu alifika kabla dawa ya maumivu haijaanza kufanya kazi. Alikaa kitandani pangu, akaufunika mguu wangu kwa kanga, akasema kwa upole, "Mwanangu, Mungu kakuonya. Mtoto wa kike kurukaruka mbele za watu, mwisho wake ndio huu. Tulia sasa."

Mama yangu ni fundi cherehani. Ndiye aliyenishonea suruali pana za kuchezea na mitandio isiyodondoka. Aliacha kushona, akainua macho. "Wifi, uwanjani palikuwa na vikonyo," akasema. "Angeteleza hata shehe akipita. Mwanangu hakuonywa, kaumia."

Kocha alikuja siku ya pili, bila daftari. Alinipa pole, akakohoa kidogo, akasema, "Basi mambo ya kulinganisha yamekwisha. Tumebaki na mmoja."

"Hayajakwisha, mwalimu," nilimwambia. "Mie naumwa, sijafa."

Alicheka kwa heshima. Nikajua hakuniamini, na hasira ile ilinisaidia kuliko vidonge. Kila baada ya sala ya asubuhi nililala chali mkekani, nikanyanyua mguu, nikahesabu mpaka kumi, nikaushusha. Siku za mwanzo jasho lilinitoka na machozi pamoja. Nilinyanyua tu.

Wiki ya pili msichana wa Wete alikuja nyumbani. Alishuka basi peke yake, na mkoba wa shokishoki mkononi. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu. Alikaa kwenye mkeka, akanimenyea shokishoki moja, kisha akasema bila kuzunguka, "Wanasema nimepata nafasi kwa kuwa wewe umeanguka."

"Na wewe wasemaje?"

"Nasema wanatutukana sote wawili." Akafuta vidole. "Nataka unifundishe ile pasi yako ya kushoto, ile unayotoa huku unatazama kwengine."

Pasi ile ndiyo iliyokuwa inanitofautisha naye. Nikimpa, na goti likigoma, nitabaki na nini? Nilimtazama, nikaona anaogopa kama mimi, ila yeye kapanda basi na hofu yake akaja nayo.

"Nitakufundisha," nikasema. "Lakini nikipona, nafasi yangu naitaka."

"Njoo uichukue ukiweza."

Kuanzia hapo nilikwenda uwanjani kila jioni kwa gongo, nikakaa kiti cha plastiki kando ya mstari. Nilimrushia mpira nikiwa nimekaa, naye akarudia mpaka mkono wake wa kushoto ukaacha ujinga. Watu wa ukutani walisema nimepungukiwa na akili, namnoa mpinzani wangu. Mmoja aliniuliza kwa sauti, "Yakhe, we hujui kwamba umekwisha?" Nikamjibu kwamba akitaka kujua nani kakwisha, ashuke ukutani tushindane kupiga mpira kapuni, mie nimekaa kitini. Hakushuka.

Mashindano yalianza bila mimi. Msichana wa Wete alicheza vizuri, tukashinda mechi mbili, tukatolewa na timu ya Unguja. Alipotoka uwanjani alilia begani kwangu. Siku ile sikufurahi hata chembe, na nilijishangaa.

Mwezi wa tano baada ya kuumia nilirudi. Ningependa kusema nilirudi kama nilivyokuwa. Sikurudi hivyo. Mbio zilipungua, na kila niliporuka, mwili ulitafuta mguu wa kushoto wa kushukia. Kocha alifungua daftari, akaandika, akanipanga akiba. Mechi ya kirafiki na wasichana wa Mtambile nilianza nimekaa benchi.

Katikati ya mchezo msichana wa Wete alisogea kwa kocha. "Mwalimu, mwingize. Tucheze sote."

"Timu haina wachezeshaji wawili."

"Yetu inao," nikasema, nikasimama na kuvua koti kabla hajanijibu.

Alitutazama mmoja mmoja. Akapuliza pumzi, akanyoosha mkono kuelekea uwanjani.

Yeye alipandisha mpira kwa mbio zake, mimi nikakaa pembeni kushoto, nikasoma nafasi. Mara ya tatu alinitolea pasi huku anatazama kwengine, kwa mkono wa kushoto, ile ile. Mbele yangu palikuwa wazi. Sikuwa na muda wa kuchagua mguu. Niliruka, mpira ukaingia, nikashukia mguu wa kulia. Uliuma. Lakini ulinibeba.

Tulishinda kwa alama sita, na tukacheza pamoja misimu mitatu baada ya hapo. Kombe hatukulipata hata moja. Yeye sasa ni muuguzi huko Wete, mimi nasomesha skuli. Goti huvimba nikisimama sana darasani, na daktari amenishauri mara mbili niache mpira. Jumamosi tunakutana na wanawake wengine tisa, wengine wana watoto, tunafagia uwanja wenyewe, kisha tunacheza mpaka adhana ya magharibi. Shauri la daktari nimelisikia.