Nafasi Nne za Norbert

Oliva Ndunguru huandika programu za kompyuta katika ofisi ya chama cha wakulima wa kahawa, juu kidogo ya stendi ya Mbinga. Macho yake ni hafifu tangu utotoni. Herufi huzikuza mpaka mstari mmoja unabeba maneno machache tu, naye husogeza uso hadi karibu aguse kioo. Hivyo ndivyo alivyotengeneza, peke yake, programu inayowatumia wakulima ujumbe wa simu kuwajulisha zamu yao ya kupeleka kahawa mbivu kwenye mtambo wa kumenya.

Msimu ulipokaribia, chama kilimwajiri Norbert kutoka Songea amsaidie. Alikuwa kijana mchapakazi, mwenye uhakika na kila kitu.

Waandishi wa programu husogeza baadhi ya mistari ndani, ili ionekane upi uko chini ya upi. Wengine hubonyeza kitufe cha tabu mara moja, wengine huacha nafasi nne tupu, na ubishi wao hauishi. Oliva alitumia tabu kwa sababu upana wake kila mtu anaupanga kwenye kompyuta yake. Yeye aliubana ukawa sawa na herufi moja. Nafasi hazibaniki. Herufi zikikuzwa, nazo hukua, zikayasukuma maneno nje ya kioo.

Jumatatu moja alifungua kazi yake akakuta weupe mtupu. Maneno yote yalikuwa yamekimbilia kulia, na kila mstari ilibidi aufuate huko.

"Nimesafisha," Norbert alimwambia. "Siku hizi kawaida ni nafasi nne."

"Rudisha."

"Dada Oliva, ni nafasi tupu. Hata hazionekani."

"Mimi sioni kingine ila hizo."

Alimweleza sababu. Norbert alitikisa kichwa kwa upole, na hakurudisha kitu. Oliva akaenda kwa meneja, Mzee Urbani, akamwamkia, akamweleza upya, huku Norbert amesimama mlangoni.

Mzee Urbani alicheka. "Kumbe ugomvi wenyewe ni tabu na nafasi? Kweli nyie mna nafasi."

Norbert naye akacheka. Oliva alitoka, akarudi kwenye kompyuta yake.

Tangu hapo akawa anarudisha tabu kila sehemu aliyoishika, na Norbert akiongeza nafasi zake. Programu ile haivumilii mchanganyiko, ikiukuta inagoma. Asubuhi moja Norbert alirekebisha mahali palipokuwa na tabu, akaiwasha bila kuijaribu, akaenda kunywa chai. Ikagoma. Ujumbe haukwenda kwa mtu yeyote.

Wakulima walipoona kimya, wakapeleka kahawa wote kwa pamoja. Oliva alipofika mtamboni kwa bodaboda, magunia yalikuwa yamejaa hadi barabarani, na jua lilikuwa kali. Mama yake, Otilia, alikuwa amekaa kando ya gunia lake. Kahawa ilikuwa imeanza kupata moto na kutoa harufu ya uchachu.

"Simu zenu zimetutupa," mama alisema. "Kuna nini huko ofisini?"

"Tunagombania nafasi, mama."

"Nafasi ya kazi?"

Oliva akapanda tena bodaboda.

Alirudi ofisini. Mzee Urbani na Norbert walikuwa wameinamia kompyuta ya Norbert. Akavuta kiti chake.

"Norbert, kaa kwangu. Herufi ziache zilivyo. Tafuta kosa lako."

Norbert akakaa. Alisogeza kulia, akarudi kushoto, akapotea mstari, akaanza upya. Mwishowe alifikicha macho.

"Basi, tutumie tabu."

"Nilikwambia siku ya kwanza," Oliva alisema. "Maneno yangu hayakutosha mpaka kahawa ya mama yangu ichache?"

Mzee Urbani aliangalia sakafu, kisha akaagiza tabu itumike kote. Norbert akaomba radhi. Oliva akasema amesikia.

Programu ilifanya kazi kabla ya jioni. Kahawa iliyochacha haikupokelewa. Mama yake na wenzake waliimwaga.

Oliva na Norbert bado wanafanya kazi chumba kimoja. Norbert sasa huuliza kabla ya kugusa kitu, na Oliva humjibu kwa kifupi. Juzi, wakati wa chai, Mzee Urbani alianza tena ule utani wa watu wenye nafasi. Oliva aliweka kikombe mezani, chai ikiwa bado imejaa, akatoka nje.