Camera ya joto ilivyookoa bega la ngamia wetu hapa Burat

Salaam aleikum wakuu, na wale wa habari pia habari zenu.

Mimi si mwandishi na shule niliachia darasa la saba. Nikikosea mnirekebishe. Lakini haya niliyaona na macho yangu, na sitaongeza chumvi.

Tuko na ngamia jike anaitwa Magala. Maziwa yake ndio napeleka kuuza mjini, mtaa wa Bulla Pesa. Mwezi uliopita akaanza kuchechemea mguu wa mbele, wa kushoto.

Ngamia asiyeweza kufuata wenzake malishoni, mwisho wake ni bucha. Kila mfugaji anajua.

Abuya, yaani mjomba wangu, ndugu ya mama, akamwangalia akitembea akasema ni bega. Akawasha moto, akaweka chuma ndani. Kwetu ngamia akichechemea anachomwa pale penye shida.

Nisiwe mwongo, nimeona waliochomwa wakapona. Pia nimeona waliobaki na kovu tu.

Sijui nilitoa wapi ujasiri. Nikamwambia, "Abuya, tungoje daktari wa mifugo, ako hapa karibu." Akasukuma chuma ndani ya makaa. Lakini akangoja.

Daktari, msichana wa Meru, akaja na kitu kidogo cha kuchomeka kwa simu. Akasema ni thermal camera, na hiyo kazi inaitwa thermography.

Vile nilielewa ni hivi: camera ya kawaida inapiga picha ya mwanga, hii inapiga picha ya joto. Penye baridi inaonyesha bluu, penye moto inaonyesha manjano hadi nyeupe. Akasema mafundi wa stima wanatafutia nayo waya inayochemka, na askari wa wanyamapori wanaonea nayo gizani.

Abuya akasema, "Hata mkono wangu unaona joto. Na hauhitaji chaji."

Daktari akacheka. "Basi mzee, leo tutumie zote mbili."

Akapiga picha. Upande wote wa kushoto ukatoka manjano, bega, mbavu, mpaka shingo. Daktari akakunja uso.

Abuya akauliza, "Daktari, ngamia umemsimamisha juani, sasa unashangaa ako na joto?"

Hapo hata daktari alikubali. "Ni kweli mzee, ni kosa langu."

Tukampeleka kivulini tukangoja apoe. Na ule moto ulikuwa bado unawaka, chuma ndani. Roho yangu haikuwa imetulia. Kama ni bega kweli, basi mimi ndio nimemchelewesha.

Picha ya pili, bega la kushoto na la kulia yalikuwa rangi moja. Daktari akashusha camera kufuata mguu pole pole. Chini kabisa, kwa wayo, mguu wa kulia ulikuwa bluu. Wa kushoto ulikuwa unang'aa mweupe.

Abuya akainama akaweka mgongo wa mkono pale.

"Hapa," akasema. "Leteni maji tuoshe."

Ni yeye alipapasa mpaka akapata mwiba wa mgunga, umekatikia ndani. Camera haikuona mwiba, tusidanganyane. Iliona joto tu. Daktari akautoa, akasafisha usaha, akadunga sindano.

Chuma abuya alikitoa mwenyewe akakitupa kwa mchanga. Ule moto tukachemshia chai.

Sasa Magala anatembea na wenzake. Nikimwona akirudi jioni, bega safi bila kovu, najivunia, wakuu. Najivunia daktari, najivunia abuya aliyekubali kungoja, na kidogo, kidogo tu, mimi mwenyewe niliyefungua mdomo.

Funzo nililopata: mnyama akichechemea, linganisha kushoto na kulia kabla hujaamua. Na hiyo camera haikwambii ugonjwa, inakwambia tu uangalie wapi.

Kama kuna mtu hapa anaitumia kwa stima ama kwa watu hospitali, atufundishe hapo chini. Na kama nimekosea mahali, sema bila kuogopa.

Jana jirani alileta mbuzi mgonjwa kwetu. Kabla hata hajasalimia, abuya akamwambia, "Weka kivulini kwanza."