Mikono Inayosubiri Taulo

Wifi yangu ni fundi cherehani, na aliolewa na kaka yangu kabla kaka hajawa daktari. Hospitali yetu ina daktari mmoja tu wa upasuaji, kwa hiyo zamu ni yake hata siku ambayo si yake. Gari la wagonjwa likisimama nje na kupiga honi fupi, kaka huacha alichoshika, kiwe kijiko au mazungumzo, akaenda zake. Majirani humwita wifi "Mama Daktari". Huitika kwa shingo upande.

"Huyo daktari mwenyewe simwoni," husema. "Mnaniita kwa jina la mgeni."

Honi aliizoea. Kilichomshinda kilianza mchana mmoja tulipokuwa tunataka kula. Kaka alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha akabaki amesimama kando ya beseni, mikono ameiinua, maji yanamchuruzika. Hakuomba kitu. Alisimama tu, kama mtu anayejua kwamba taulo litakuja.

Binti yao akacheka. "Baba amekamatwa!"

Kaka akashtuka, akajifuta kwenye suruali. Alipokaa akanyoosha kiganja pembeni bila kutazama. Alikuwa anataka chumvi.

"Unamnyooshea nani?" wifi akauliza.

"Samahani, mke wangu. Mazoea."

"Mazoea ya kwa nani?"

Honi ikalia nje, kaka akaenda zake.

Wifi aliitazama sahani iliyoachwa. "Yupo mwanamke anayempa taulo," akaniambia. "Anampa kabla hajaomba. Mimi nimeishi naye tangu akiwa na suruali moja, na sijui anataka nini mpaka aseme. Na hasemi."

"Huyo ni nesi wa upasuaji, wifi. Ndiyo kazi yake."

"Mtetee tu. Ni kaka yako."

Akavuta begi kutoka chini ya kitanda, akakunjia humo nguo zake na za mtoto. Aliniambia waziwazi: atakwenda hospitali kuona kwa macho yake, na akikuta anachokifikiria, yeye na binti yake wanarudi kwao. Niliogopa, lakini sikumbishia. Kesho yake mchana alivaa gauni lake la kutokea, akapaka wanja, akabeba hotipoti.

"Unapeleka chakula au unakwenda kugombea cheo?" nikamuuliza.

"Vyote viwili. Twende."

Mlango wa chumba cha kushonea vidonda ulikuwa umeachwa wazi kwa sababu ya joto. Kaka alikuwa ameinamia mguu wa mwashi mmoja aliyekatwa na bati. Nesi alisimama kulia kwake, mwanamke wa rika letu, kiatu chake kimoja kimepasuka ubavuni. Hawakuongea. Kiganja kilinyooka, sindano ikatua. Kikanyooka tena, mkasi ukatua, mpini mbele. Kila mara kaka alisema "asante" kwa sauti ndogo, bila kuinua macho, na kwa kila asante wifi aliibana ile hotipoti kifuani.

Hapakuwa na mapenzi pale. Yeyote angeona. Nesi alipotugundua alitukaribisha, akamwambia daktari ameletewa chakula, akaenda kuosha vyombo vyake. Nikashusha pumzi. Wifi hakushusha.

"Afadhali ningewakuta wanachekeana," alisema tukiwa njiani. "Ningejua pa kuanzia. Na umeona anavyoshona? Mishono midogo, imelingana! Kumbe mume wangu ni fundi mwenzangu, na msaidizi wake ni mwingine."

Jumamosi, siku ya mapumziko ya kaka, begi lilikuwa limehamia karibu na mlango. Wifi alivuta kiti kando ya cherehani.

"Kaa hapa. Leo uko zamu kwangu."

Kaka aliliangalia begi, akakaa haraka.

Wifi akaanza kushona. Baada ya muda akanyoosha kiganja bila kutazama. Kaka akampa futi ya kupimia. Wifi akairudisha mezani, akanyoosha tena. Kaka akampa pini.

"Huyu mgonjwa atakufa," wifi akasema. Binti yao akaanguka kwa kicheko.

Kaka aliinama. Aliufuata uzi kwa macho mpaka mwisho wa mshono, kama anavyotazama kidonda. Mkasi ukatua kiganjani, mpini mbele.

Wifi alikata uzi. "Asante," akasema, kwa sauti ndogo kuliko ile tuliyoizoea.

Honi ikalia nje. Kaka hakusimama. Alimtazama kwanza mkewe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya honi ikilia.

"Nenda," wifi akamwambia. "Ila hizo asante zako usizimalizie kule."

Alipoondoka, wifi aliniomba nirudishe begi.

"Nizitoe nguo, niziweke kabatini?"

"Hapana," akasema, akitunga uzi kwenye sindano. "Lisukume tu chini ya kitanda. Nguo zibaki humohumo."